Tupeane uzoefu: mazoezi ya hesabu kwa watoto wa gredi za chini, Lamu na Malindi

Mwalimu wa gredi ya tatu, Langoni, Lamu

Assalamu alaikum, walimu na wazazi wenzangu. Naomba tupeane uzoefu wa kuwazoeza watoto wadogo hesabu za msingi. Nitaanza na kutoa, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona wengi wakikwama. Mtoto akipewa 42 toa 17, mara nyingi huandika 35: akiona 2 haitoshi kutolewa 7, hugeuza akafanya 7 toa 2, kisha 4 toa 1. Kutoa anakujua; asichokijua ni kwamba ile 4 ni makumi manne, na kila kumi laweza kufunguliwa.

Kwa hiyo kila mtoto darasani ana chelewa zake, yaani vijiti vya makuti ya mnazi, zilizofungwa kwa uzi kumikumi, na nyingine chache zisizofungwa. Akishika mafungu manne na chelewa mbili, nami nikamwambia anipe saba, hana budi kufungua fungu moja. Sasa ana chelewa kumi na mbili zilizo huru. Akinipa saba hubaki na tano, kisha hunipa fungu moja zima, na ile 25 ipo mezani kabla haijaandikwa. Naamini kwa dhati kwamba tunaharakisha mno kwenda kwenye daftari. Mtoto aliyefungua fungu kwa vidole vyake haulizi tena ile 1 ndogo inayoandikwa juu ya mamoja imetoka wapi.

Mzazi, Matondoni

Shukrani, mwalimu. Sisi tulio karibu na biashara ya mikoko tuna korija, nayo ni miti ishirini. Mwanangu hukaa nami miti inapopangwa, nami humuuliza korija tatu ni miti mingapi, na korija tatu na miti saba je? Alianza kwa kuhesabu 20, 40, 60. Siku hizi akisikia bei ya korija hutaka kujua bei ya mti mmoja: tukisema, kwa mfano tu, shilingi 4,000, hugawanya kwanza kwa kumi akapata 400, kisha kwa mbili akapata 200. Kugawanya kwa ishirini kwa mkupuo mmoja bado ni kuzito kwa umri wake, nami simlazimishi.

Mama mwenye kioski, Malindi

Kwa heshima, mwalimu, naona kuna njia nyingine. Binti yangu anaponisaidia kurudisha chenji hatoi kabisa, bali huongeza. Mteja akinunua vitu vya shilingi 65 akatoa noti ya 100, binti huweka sarafu ya 5 na kutamka sabini, halafu ya 10 na kutamka themanini, kisha ya 20 na kutamka mia. Chenji ya 35 imekwisha kuhesabika mbele ya mteja, na hakuna kumi lililofunguliwa.

Babu wa wajukuu wanne, Shela, Lamu

Msiisahau bao. Ina safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Wajukuu huweka kete mbili katika kila shimo, na hapo huona wenyewe kwamba mashimo ni 32 na kwamba 32 mara mbili ni 64. Ukiizungusha bao, safu nne za nane huwa safu nane za nne, na idadi haibadiliki.

Mwalimu wa gredi ya tatu, Langoni, Lamu

Mama wa Malindi, umenipa jambo la kufanya. Ile 42 toa 17 pia yafaa kwa njia yako: kutoka 17 hadi 20 ni 3, kutoka 20 hadi 42 ni 22, jumla 25. Nitaendelea kuanza na chelewa, kwa sababu mtoto asiyeelewa makumi atashindwa zaidi akifika kwenye mamia, lakini njia ya chenji nitawapa waitumie kuhakiki majibu yao. Babu, zoezi la kuzungusha bao nitalifanya tutakapofika kwenye kuzidisha.

Wenye watoto wa gredi ya kwanza hawajatuambia kitu bado. Mtoto anayetamka namba hadi ishirini bila kusita, lakini akipewa kokoto tisa azihesabu huruka moja au huigusa mara mbili, mnamzoeza vipi?