MJADALA: Shirika jipya la bei nafuu lifunge viti vingapi kwenye Dash 8-400?

Tiketi Rahisi:
Wakuu, mada ni hii. Tuchukulie shirika jipya la bei nafuu linaanza Dar es Salaam na Dash 8-400 mbili za kukodi, zile ndege za mapangaboi: Mwanza, Kilimanjaro, Dodoma, Zanzibar. Lifunge viti vingapi? Jambojet pale Nairobi wana 78, daraja moja, hakuna pazia. ATCL, yaani Air Tanzania, wana 76 kwenye Dash zao, 6 vya daraja la biashara na 70 vya kawaida. Mimi nasema 70 vinatosha, daraja moja, inchi 33 kati ya kiti na kiti. Abiria amechoka kukunjwa kama kanga dukani. Mwenye kubisha abishe kwa namba.

Mhasibu Mkaidi:
Namba hizi hapa, mkuu. Ada ya kutua na ya kuegesha hutozwa kwa uzito wa ndege uliosajiliwa, si kwa vichwa vya watu. Marubani ni wawili ukibeba 5 au 78. Kodi ya ndege ni ileile kila mwezi. Sasa weka mfano: safari moja igharimu shilingi milioni 10. Kwa viti 70, kila kiti kimebeba 142,900. Kwa 78, kila kiti 128,200. Hiyo tofauti ya karibu 14,700 ndiyo inayomtoa mtu kwenye basi.

Halafu kuna wahudumu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kanuni ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vilivyofungwa. Vilivyofungwa, si vilivyokaliwa. Kuanzia 51 hadi 100 unahitaji wawili. Kwa hiyo 70 ni wawili, 78 ni wawili, na huyo wa pili unamlipa kwa viti 20 badala ya 28. Wenzetu wanaijua ngazi hii ya viti 50: JetBlue wa Marekani waliweka 100 kamili kwenye ndege zao za Embraer E190. Mwaka 2007 wakang'oa safu moja kwenye Airbus A320, kutoka 156 hadi 150, wapunguze mhudumu wa nne. easyJet kiangazi cha 2022 walifanya hivyohivyo kwenye A319 walipopungukiwa na wahudumu: safu ya nyuma ikatoka, 156 ikawa 150. Kwa Dash ngazi iko kwenye 100, huifikii. Kung'oa viti 8 hapo ni sadaka.

Tiketi Rahisi:
Kama ni hivyo, mbona unaishia 78? Funga 90 kama SpiceJet wa India. Wahudumu bado wawili. Au hesabu yako ina huruma inapoanzia kwako?

Bwana Riveti:
Mleta mada, 90 hazipatikani kwa kusukuma viti. Toleo lile, SpiceJet walilipokea wa kwanza 2018, limetoka kiwandani hivyo: stoo ya mizigo ya mbele upande wa kulia imeondolewa na viti viko inchi 28. Dash ya kukodi yenye miaka 10 huigeuzi kuwa hiyo kwa spana.

Niseme kazi yenyewe ilivyo, maana humu watu wanaongea kama viti ni vya harusi, unavipanga na kuvipangua. Kiti kinakaa kwenye reli za sakafuni. Reli ina matundu kila baada ya inchi moja, kwa hiyo hakuna kitu kinaitwa inchi 30 na nusu. Unasogeza tundu kwa tundu. Ukisogeza kiti, paneli ya juu yenye taa, hewa na kitufe cha kumwita mhudumu lazima imfuate abiria, la sivyo wa safu ya 9 atawasha taa ya safu ya 10. Kwenye Boeing na Airbus ni kazi kubwa zaidi kwa sababu hapo juu kuna barakoa za oksijeni pia. Dash nyingi hazina barakoa za kudondoka kwa kuwa hazipandi zaidi ya futi 25,000. Hapo umepumua kidogo.

Safu ya kwanza nayo ina mambo yake. Kichwa cha abiria hakiruhusiwi kugonga ukuta wa mbele ndege ikisimama ghafla. Ukimsogeza karibu na ukuta ili upate safu moja zaidi, unaweza kulazimika kununua mikanda yenye mfuko wa hewa, na bei yake itakula kile kiti ulichokipata. Ukimaliza, michoro mipya ya viti iidhinishwe, ndege ipimwe uzito upya, kadi za usalama zichapwe upya, mchoro wa kuuzia tiketi ubadilishwe. Hili la mwisho husahaulika kila mara: mtu anauziwa 19C na ndege inaishia safu ya 18.

Na mwenye ndege anataka irudi kama alivyoitoa. Viti ulivyovitoa utavitunza stoo miaka yote ya mkataba, vikavu, bila panya. Ndiyo maana jibu la kweli la shirika jipya huwa rahisi: ikija na 78, ruka na 78. Ikija na 74, ruka na 74.

Dada wa Kabini:
Riveti amesema kweli, ila nyote mnahesabu kama vile ndege inaruka imejaa. Shirika la bei nafuu linauza kiti cha kuchagua, si ndiyo? Unamuuzia mtu 2A kwa elfu kumi na tano zaidi. Siku hiyo wamekuja 31 na wote wamechagua mbele kwa sababu mlango wa ngazi uko mbele. Lodishiti, ile hati ya mgawanyo wa uzito, inagoma: uzito umeegemea puani. Mhudumu anasimama kwenye ujia: "Samahani, safu ya 1 hadi 5 tusogee nyuma." Aliyelipa elfu kumi na tano ndiye anayepayuka zaidi. Suluhisho ni kufunga baadhi ya safu kwenye mfumo wa kuuzia hadi idadi ifike kiwango, halafu kuzifungua kwa zamu, mbele na nyuma. Mashirika mapya hulijua hili baada ya mwezi wa malalamiko.

Kuhusu inchi 33: nafasi ya magoti haitokani na inchi peke yake. Kiti chembamba kipya kwenye inchi 30 kinaweza kukupa magoti sawa na kiti kinene cha zamani kwenye 31 au 32. Hamisha mfuko wa magazeti uende juu karibu na meza, goti limepona. Na msifunge viti vyenye mgongo unaolala nyuma. Ryanair hawana, hawana hata mfuko, kadi ya usalama imebandikwa mbele ya macho yako. Kile kitufe na bomba lake ndivyo vinavyoharibika kuliko kitu chochote kwenye kiti, na kiti kilichokataa kusimama wima hakikaliwi wakati wa kuruka. Yaani umepoteza tiketi kwa ajili ya springi.

Ila tuwe wakweli, hata ukifunga viti vya dhahabu, njia ya Mwanza watapanda na ndoo za samaki tu.

Mwana Kirumba:
Hapo kwenye ndoo dada umechokoza nyuki. Kwa hiyo wa Kilimanjaro wanapanda na mashada ya maua? Wa Zanzibar hawabebi urojo? Minofu ya sangara kutoka Mwanza inakwenda hadi Ulaya, na inakwenda kwa ndege. Sisi tunajua kufunga samaki kabla wewe hujajua kufunga mkanda.

Tiketi Rahisi:
Jamani, viti.

Dada wa Kabini:
Kaka Kirumba, sijatukana mtu. Nimesema ndoo. Ndoo yenye mfuniko wa kubonyeza haishiki ndege ikipanda, hewa ya kabini inapungua shinikizo, mfuniko unajifungua wenyewe. Maji yakimwagika kwenye stoo ya juu yanamdondokea mwenye suti wa 7D.

Bwana Riveti:
Mwenye suti atafua. Mimi nalilia reli. Maji ya samaki yana chumvi na damu, yanapita chini ya zulia, yanatulia kwenye reli ya kiti na boriti ya sakafu. Alumini inaanza kutoa unga mweupe, baadaye inavimba na kubanduka kama maandazi ya juzi. Tundu la reli likiliwa, kiti hakishiki nguvu iliyopimwa, yaani kile kipimo cha mara 16 ya uzito. Hapo ama unabadilisha kipande cha reli, ama unafunga safu ile usiiuze. Kwa hiyo ukitaka kujua viti vya ndege yako vitabaki 78 hadi lini, angalia chini ya zulia karibu na jiko, choo na milango. Huko ndiko vinakoanza kupungua.

Wa Kondele:
Hapa Kisumu samaki anasafiri kwenda Nairobi siku zote na reli hazijaliwa. Shida yenu Watanzania ni kudhani ngege akiitwa sato anakuwa mtakatifu. Boksi la stairofomu, mfuko mzito ndani yake, taulo za karatasi chini, tepu pande zote. Dakika kumi. Na Jambojet wako 78 miaka yote hiyo, mbona mnaogopa?

Mwana Kirumba:
Ngege ndiye nani? Ziwa moja, sato ni sato. Na hao wa 78 msiwashangilie sana, mna mdomo tu.

Mhasibu Mkaidi:
Wa Kondele kagusa kitu bila kujua. Naomba niwape hesabu ya samaki kwa kuwa ndiye kageuka mada. Uwezo wa kubeba wa Dash 8-400 ni karibu tani 8.5, watu na mizigo pamoja. Kanuni za Ulaya zinamhesabu mtu mzima kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi. Mpe na begi la kilo 20, anakuwa 104. Watu 78 ni kilo 8,112. Umebakiwa na kilo 390 hivi. Watu 70 ni kilo 7,280, umebakiwa na kilo 1,220. Kwa hiyo viti 8 vya mleta mada ni kilo 832 za sato wa Kirumba kila safari.

Tiketi Rahisi:
Si nilisema 70!

Mhasibu Mkaidi:
Taratibu. Kilo 832 za samaki lazima zilipe zaidi ya tiketi 8. Tiketi ikiwa 120,000, hizo 8 ni 960,000. Gawa kwa 832: mzigo ulipe zaidi ya 1,150 kwa kilo, kila siku, na njia ya kurudi pia. Kwenda Mwanza ndege inabeba nini cha uzito huo? Na huhitaji kung'oa kiti ili ubebe mzigo. Kiti kikibaki wazi, uzito wake unauuzia mzigo jioni ileile. Ukikitoa kwenye reli umeamua mara moja kwa mwaka mzima. Kingine, bei nafuu haimpi kila mtu kilo 20. Anayesafiri na mkoba tu ni kilo 84, begi analinunua mwenye kulitaka. Hapo 78 inapumua.

Dada wa Kabini:
Anayesafiri na mkoba tu anauleta ndani wote. Stoo za juu za Dash ni ndogo, begi lile la magurudumu haliingii. Linachukuliwa mlangoni na kushushwa chini, na hapo dakika 25 zako za kugeuza ndege kwa safari inayofuata zimekwenda. Begi la mlangoni lazima lilipiwe ghali kuliko la kwenye simu, na fremu ya kupimia isimame kwenye dawati la kuingilia, si kwenye ngazi.

Mzee wa Terminali:
Mnasahau fastjet, shirika la bei nafuu lililoruka hapa Tanzania. Novemba 2012 walikuja na A319 za viti 156, bei ya tiketi kila mtu anaikumbuka, miaka michache baadaye wakazitoa wakaleta Embraer za viti mia na ushei, na 2018 hadithi ikaisha. Hao 156 walikuwa wa kujaza nani, Jumanne saa nane mchana?

Bwana Riveti:
Na 156 kwenye A319 ni wahudumu wanne, mzee, sita wamezidi ngazi ya 150. Tena lazima iwe ile yenye milango miwili ya dharura juu ya kila bawa. Yenye mmoja haizidi 145. Hilo ni jambo la kuuliza kabla hujasaini kukodi, si baada ya ndege kufika.

Mwana Kirumba:
Nimeona mnakimbia. Swali langu ni hili: boksi la sato lililofungwa vizuri, kilo 20, na barafu kavu ndani, linaingia au haliingii?

Dada wa Kabini:
Linaingia chini, kaka, siyo kabini. Barafu kavu mwisho kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika, na boksi liandikwe nje. Usilizungushie tepu lote kama alivyosema ndugu wa Kondele. Barafu kavu inageuka gesi, boksi lisilopumua litapasuka. Acha upenyo juu.

Wa Kondele:
Mimi nilisema taulo za karatasi, na barafu yangu ni ya kawaida. Nani alitaja barafu kavu?

Mwana Kirumba:
Barafu ya kawaida ndiyo inayokula reli za Riveti. Soma juu.