Kaka analipwa mafao ya ulemavu Marekani: je, akihamia Moshi malipo yatakatwa?

Mama Neema, Moshi

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wenu kuhusu kaka yangu mkubwa, ambaye aliumia uti wa mgongo akiwa kazini huko Marekani na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Kila mwezi analipwa fedha za ulemavu na SSA, yaani mamlaka ya hifadhi ya jamii ya huko, na alikwisha kuchukua uraia wa Marekani miaka mingi iliyopita. Mama yetu yuko Kibosho, umri umekwenda, na anatamani mwanawe awe karibu. Kaka naye anasema kwamba baridi inamtesa na kuishi peke yake kumemchosha. Tatizo ni kwamba jirani yetu aliyewahi kuishi huko anasema ukikaa nje zaidi ya siku 30 malipo yanasimamishwa, wakati binamu yetu anamfahamu mtu aliyehamia Nairobi na hadi leo analipwa. Wote wawili ni watu wakweli, nami sijui nimsikilize nani. Fedha hizo ndizo zinazonunua dawa na mipira yake ya mkojo, kwa hiyo hatuwezi kubahatisha.

Mzee wa Njiro

Mama Neema, pole kwa mzigo huo. Jirani na binamu wote wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia fedha tofauti.

SSA inalipa mafao ya ulemavu ya aina mbili, na kwa kuwa barua zote zinatoka katika mamlaka hiyo hiyo, wapo wengi wanaolipwa kwa miaka bila kujua wako upande gani. Aina ya kwanza ni SSDI, ambayo ni bima: mtu anaipata kwa sababu alifanya kazi na mshahara wake ukakatwa michango. Raia wa Marekani anayelipwa SSDI anaweza kuishi Moshi, Nairobi au karibu popote duniani na kuendelea kulipwa maadamu bado anatimiza masharti ya ulemavu; Kuba na Korea Kaskazini ndizo nchi ambazo hazina ya Marekani haipeleki malipo hayo. Aina ya pili ni SSI, ambayo ni msaada kwa mtu mwenye ulemavu au mzee asiye na kipato cha kutosha, hata kama hakuwahi kuchangia senti moja. Hiyo ndiyo inayosimama mtu akikaa nje ya Marekani mwezi mzima wa kalenda au siku 30 mfululizo, na aliyekaa nje siku 30 akirudi ni lazima akae huko siku nyingine 30 mfululizo kabla haijarejeshwa.

Njia nyepesi ya kutambua ni kutazama taarifa ya benki. SSI huingia tarehe 1 ya mwezi. SSDI ya mtu aliyeanza kulipwa baada ya Aprili 1997 kwa kawaida huingia Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne, kulingana na tarehe ya kuzaliwa. Wako pia wanaopata zote mbili, ambao SSDI yao huingia tarehe 3. Hao wakihama hubaki na SSDI peke yake. Dalili nyingine ni kwamba wa SSI huulizwa mara kwa mara kuhusu akiba yake, kwa sababu mtu asiye na mwenzi haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000. Hata hivyo, asikate tiketi kabla hajaipigia simu SSA na kupewa jibu kwa maandishi. Na kwa wengine wanaosoma hapa: asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, ana masharti mengine, na kwa wengi wao hata SSDI husimama baada ya miezi sita nje.

Binti wa Sakina

Shikamoo Mzee, umeeleza vizuri. Mimi namhudumia baba mdogo anayelipwa SSDI akiwa hapa Arusha, na naona jambo la kukazia ni fomu. SSA humtumia anayeishi nje fomu ya maswali, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, ikiuliza kama yu hai, anaishi wapi na kama amefanya kazi. Isiporudishwa, malipo husimamishwa, hata kama hana kosa lolote. Kwa hiyo anwani iwe ya sanduku la posta linalofunguliwa kila wiki, na atumie sanduku la mtu atakayekumbuka kumpelekea barua.

Jambo la pili ni matibabu, na hapa ndipo ninapowaonea huruma wanaorudi bila kujiandaa. Bima ya Medicare kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani, kwa hiyo akilazwa hospitali ya KCMC hapo Moshi gharama ni yake. Akiacha kulipia sehemu B ya bima hiyo kisha akairudia baadaye, mchango wake unaweza kuongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila kuwa nayo. Tena SSA hupitia upya hali ya ulemavu kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kila anapokwenda kliniki aombe ripoti yenye tarehe, jina la daktari na mhuri, na aitunze.

Mwana wa Machame, Uingereza

Niongeze kwa wenye ndugu Uingereza, maana sheria za huku ni nyingine kabisa. PIP, yaani malipo ya ulemavu ya huku, huendelea kulipwa kwa wiki 13 za safari ya muda, au hadi 26 ikiwa mtu amesafiri kwa matibabu. Anayehamia Tanzania moja kwa moja huipoteza.

Mama Neema, Moshi

Mungu awabariki. Kaka ametazama taarifa zake: fedha huingia Jumatano ya tatu, naye alizaliwa tarehe 14, na hakuna kinachoingia tarehe 1. Kesho anaipigia simu SSA. Je, kwa upande wa Tanzania kuna kikwazo?

Mzee wa Njiro

Basi hiyo inaonekana ni SSDI, na tarehe ya kuzaliwa inakubali, kwa kuwa waliozaliwa kati ya tarehe 11 na 20 hulipwa Jumatano ya tatu. Kwa upande wa huku, sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kaka ataingia kama mgeni. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi, lakini kila anapoingia haruhusiwi kuzidisha siku 90. Kwa kuwa nia yake ni kuishi, wewe uliye Moshi nenda ofisi ya Uhamiaji mapema, ukiwa na nakala ya pasipoti yake na barua ya SSA inayoonyesha kiasi anacholipwa, uulize kibali cha ukaazi kinachomfaa.