Spika za Pamoja Mtaani: Tupeane Uzoefu

Mkazi wa Bombo
Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu jana jioni niliwakuta vijana wakibishana nyuma ya msikiti kuhusu nani aliyerudisha spika ya kushoto ikiwa haitoi sauti. Hapa kwetu familia za mtaa mzima zilichanga fedha zikanunua spika mbili kubwa, amplifaya, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti na maiki, ili harusi, maulidi na matanga yetu visitegemee tena vyombo vya kukodi kutoka Kampala. Siku ya kuchanga kila mtu alisimama akatoa ahadi mbele ya wazee, lakini hakuna aliyeuliza ni nani atakayetengeneza kitakapoharibika. Wenye vikundi vya namna hii watueleze wanavyoviendesha, na yaliyowakuta.

Mama wa Namuwongo
Hayo nayafahamu vizuri. Kikundi chetu kilianza na viti na masufuria, kisha tukaongeza spika. Masufuria bado yapo.

Fundi wa Walukuba, Jinja
Vyombo vingi vinavyoletwa mezani kwangu ni vya vikundi, na ugonjwa wake karibu kila mara ni ule ule. Amplifaya imeandikwa nyuma kwamba isipewe mzigo ulio chini ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, amplifaya huelemewa zaidi). Spika moja ya kawaida ina omu 8, na ukiziunganisha mbili sambamba kwenye njia moja unapata omu 4, ambayo inavumilika. Sasa huja siku ya harusi, mjomba wa bwana harusi analeta spika zake mbili za nyumbani ili sauti ifike ng'ambo ya Nile, zinafungwa kwenye njia ile ile, mzigo unashuka hadi omu 2, na kabla keki haijakatwa amplifaya inatoa harufu. Kesho yake huletwa kwangu na mtu anayeapa kwamba iliharibika yenyewe. Wanakikundi wangeandika kwa rangi nyeupe juu ya sanduku kwamba spika ya mgeni haiingii hapa, ningekosa kazi nyingi.

Katibu wa Kikundi, Kasese
Sisi tuna daftari. Anayechukua vyombo hutia saini, huacha amana ya shilingi 50,000, na kila chombo hujaribiwa mbele yake wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni shahidi. Mwanachama mwenye msiba halipi ada ya kukodi, isipokuwa mafuta ya jenereta na posho ya kijana anayeviendesha. Tangu tuanze utaratibu huo ugomvi umepungua sana, na ninawashauri watu wa Bombo wafanye vivyo hivyo.

Mkazi wa Malaba
Katibu, kwa heshima zote, amana hiyo ni ya watu wenye mishahara. Mtu ambaye maiti imelala sebuleni na bado anatafuta fedha za mbao za jeneza utamwambiaje akaweke elfu 50 kwanza? Kwetu tulijaribu, na matokeo yake ni kwamba wenye nacho walivitumia vyombo kila wiki, na wasio nacho walizika kwa sauti ya mdomo ingawa nao walikuwa wamechanga.

Katibu wa Kikundi, Kasese
Soma tena nilichoandika, ndugu yangu. Amana hurudishwa, na kwa msiba kamati ina ruhusa ya kuisamehe.

Mkazi wa Malaba
Hilo la kusamehe hukuliandika. Na kamati ikiamua kumsamehe shemeji yake mwenyekiti peke yake, daftari litasema nini?

Mwalimu wa Kasida, Entebbe
Ninyi mnabishana juu ya fedha, nami nimekuwa nikisoma huku mikono yangu inatetemeka, kwa kuwa nimekumbuka jambo ambalo sijalisimulia hadharani. Ilikuwa usiku wa maulidi, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na vijana wangu wa kasida walisimama pekupeku juu ya mkeka uliokwisha kulowa. Vyombo vilikuwa vya kikundi cha mtaa, na vilitufikia alasiri moja kwa moja kutoka kwenye harusi. Plagi ya mikisa ilikuwa ya mviringo, yenye pini mbili, ya aina isiyoingia kwenye soketi zetu za matundu matatu, kwa hiyo aliyeleta vyombo alifanya kama wanavyofanya watu wengi: alichomeka mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, akaisukuma plagi ndani kwa nguvu, na taa ya mikisa ikawaka. Kila mtu akaridhika.

Kasida ya kwanza ilipita salama kwa kuwa msomaji aliishika maiki kwa leso. Mtoto aliyefuata aliishika kwa mkono mtupu, akaisogeza mpaka ikagusa mdomo. Spika zilitoa mngurumo mzito, naye akanyamaza katikati ya beti. Watu walidhani amesahau maneno, na baadhi ya akina mama walianza kumsaidia kwa kuimba, huku mimi nikiona vidole vyake vimekaza juu ya maiki na shingo yake imesimama wima. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na ukuta aliivuta eksitensheni yote kutoka kwenye soketi, na giza likatuangukia. Mtoto alianguka juu ya mkeka, lakini alikuwa hai, alhamdulillahi. Mdomo wa chini uliungua na kwa siku kadhaa alikunywa uji kwa mrija. Usiku ule hakuna aliyekubali kuvigusa vyombo vile. Vililala palepale chini ya hema mpaka asubuhi.

Mama wa Namuwongo
Subhanallah. Pole sana, Mwalimu.

Dereva wa Boda, Arua
Nilikuja kueleza jinsi spika yetu ilivyokwama kwa kundi la kampeni la mgombea mmoja, na jinsi wafuasi wa mwenzake walivyokataa kuja hata kwenye mazishi yaliyotumia spika hiyo, lakini naona halina uzito tena. Sisi maiki tunaivisha soksi.

Fundi wa Walukuba, Jinja
Soksi ikilowa mate hupitisha umeme, ndugu wa Arua, msidanganyane. Mwalimu, pole sana. Gamba la chuma la maiki limeunganishwa na bati la mikisa. Hitilafu ya ndani ikiliwekea bati umeme, waya wa ardhi ndio unaoupeleka salama na kuikata fyuzi. Plagi ile ya pini mbili huipata ardhi yake kwenye vibati vya ubavuni, ambavyo soketi zetu hazina. Basi umeme ulitafuta njia nyingine, ukaipata kwa mtoto aliyesimama penye maji. Hata hivyo nisingemlaumu kijana aliyechomeka, kwa sababu hakufundishwa.

Mwalimu wa Kasida, Entebbe
Wewe usimlaumu, Fundi, maana hukumbeba mtoto wa mtu hadi kituo cha afya ukimweleza mama yake njiani. Kikundi kilikuwa na mweka hazina, katibu na mlezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama plagi.

Mkazi wa Malaba
Hapo nakubaliana na Mwalimu. Daftari la Kasese lina safu ya plagi?

Katibu wa Kikundi, Kasese
Halina. Nitaiongeza.

Mkazi wa Bombo
Fundi, mikisa yetu nayo ina plagi ya mviringo. Nimetoka kuitazama sasa hivi. Tufanye nini kabla ya Ijumaa?

Fundi wa Walukuba, Jinja
Ikateni, mfunge plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Ukiifungua ikiwa pini ndefu iko juu, waya wa kijani wenye mstari wa njano unakwenda kwenye pini hiyo ndefu, wa kahawia unakwenda kulia penye fyuzi, na wa buluu kushoto. Kwa mikisa ndogo fyuzi ya ampea 3 inatosha, msiache ile ya 13 inayokuja na plagi. Kisha mwiteni fundi apime kama soketi yenyewe ina ardhi, kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote.

Mkazi wa Bombo
Na kama ndani ya waya kuna nyuzi mbili tu?

Fundi wa Walukuba, Jinja
Basi huo ni waya wa redio, na mikisa yenu ina bati la chuma. Msiiwashe mpaka mbadilishe waya wote.