Hawa wachambuzi wa kompyuta wa YouTube, tuwaamini?

Mama Stesheneri (Tabora): Wadau, nilinunua SSD (diski ya kuhifadhia data) ya terabaiti 1 baada ya kuangalia video tatu, zote zinasifia mwendo. Leo nahamisha picha za mahafali, giga 200 hivi. Mwanzo inakimbia, sasa inatambaa kuliko flashi. Wamenidanganya au mimi ndiye sijui kuangalia?

Fundi wa Mwanga: Dada, pengine hawakudanganya, waliishia njiani. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ya kupokelea data haraka. Ikijaa, data inaandikwa moja kwa moja kwenye chipu za QLC, biti 4 kwa kila seli, ambazo huandika polepole, na hapo ndipo unapoijua rangi yake. Anayenakili faili la giga 10 hafiki huko. Mchambuzi wa kweli anaandika mpaka diski inakaribia kujaa.

Isevya_1: Na hata akipima vizuri, unaweza kuuziwa kingine. SSD ya Crucial P2 ilipimwa 2020 ikiwa na chipu za TLC (biti 3 kwa seli, zenye mwendo kuliko QLC), 2021 ikakutwa na QLC, jina lile lile. Uchambuzi ulikuwa wa kweli kabisa, ila wa diski nyingine.

Mnyamwezi Halisi: Wote wamenunuliwa tu. Umepewa kadi ya picha bure, utaisema vibaya? Halafu wanapimia kwenye kiyoyozi. Waje Tabora Oktoba, saa nane mchana, feni imeshiba vumbi. Kigoma siwahesabu, wale kompyuta zao za kuwashia jenereta.

Dagaa Mchanga (Ujiji): Jenereta? Kaka, umelala wapi? Tuko gridi ya taifa. Mtu anayekaa chini ya mwembe kusubiri upepo ndio leo anatufundisha umeme!

Mnyamwezi Halisi: Embe hizo hizo mnazogombania dirishani treni ikisimama.

Fundi wa Mwanga: Turudi kwenye kununuliwa. Nvidia, watengenezaji wa kadi za picha, waliwaandikia Hardware Unboxed, wachambuzi wa YouTube wa Australia, kwamba hawatawapa tena kadi za Founders Edition (zile za Nvidia wenyewe) za kupima, eti hawaipi uzito ray tracing, yaani ile mbinu ya kuchora mwanga kwenye gemu. Kelele zikapigwa, wakarudi nyuma baada ya siku chache. Mtu aliyenunuliwa hanyimwi kadi.

Isevya_1: 2021 hiyo, siyo?

Fundi wa Mwanga: Desemba 2020.

Mnyamwezi Halisi: Mmoja huyo. Na wewe fundi, unatetea wachambuzi au unatetea duka lako?

Fundi wa Mwanga: Sina duka, mkuu. Nina meza na bisibisi.

Dagaa Mchanga: Mimi bado nasubiri aombe radhi kwa lile la jenereta.

Mama Stesheneri: Jamani, diski yangu! Zimebaki giga 60, mwendo ni mega 40 kwa sekunde.

Fundi wa Mwanga: Dakika 25, dada. Iache, usichomoe.

Mnyamwezi Halisi: Radhi sina. Embe ninazo.

Dagaa Mchanga: Basi pakia ndoo mbili kwenye treni ya kesho. Migebuka itarudi na ndoo hizo hizo.