Rekebisho langu la mistari kumi limekataliwa, nimekosea wapi?

zabibu_na_kodi (Nkuhungu, Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Kodi ninayoizungumzia ni ya kompyuta (code), si ya mwenye nyumba.

Nimemtengenezea shangazi programu ndogo ya kupokea oda za zabibu, shamba lake liko Mpunguzi. Kila oda inaonyesha imeingia lini, na hapo natumia maktaba moja ya chanzo huria (kodi ya watu wengine iliyo wazi kwa wote) inayogeuza tarehe kuwa maneno. Kwa Kiswahili inaandika "dakika 5 iliyopita", mara "mwezi 1 zilizopita". Shangazi ni mwalimu mstaafu. Akanishushia miwani: "Nani alikufundisha ngeli wewe?"

Nikaingia GitHub, tovuti wanakoiweka kodi yao, nikachukua nakala, nikarekebisha faili la Kiswahili, mistari kama kumi, nikatuma PR, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwao. Kesho yake nakuta wameifunga, eti nimebadilisha mafaili 38. Nimegusa moja tu, haki ya Mungu! Labda ile amri ya kunyoosha kodi niliyoipitisha mwishoni ili ipendeze, ila ile si inapanga nafasi na koma tu?

Nimebaki na nakala yangu, lakini kila nikisasisha maktaba kosa linarudi palepale.

fundi_AreaC
Mkuu, umejijibu mwenyewe. Hiyo amri imepita mradi mzima. Sasa mfikirie mhakiki, yule anayekagua PR: anajitolea usiku baada ya kazi zake, Kiswahili hajui hata salamu, halafu anafunguliwa mafaili 38 atafute mistari kumi ya ngeli. Hata mimi ningefunga.

Anza upya. Toa tawi jipya (nakala ya kufanyia kazi pembeni) kwenye main yao, yaani tawi kuu, iliyosasishwa, lile lililochafuka liache. Rekebisha faili la Kiswahili, basi. Kabla ya komiti (kuhifadhi mabadiliko) andika `git diff` ikuonyeshe ulichobadilisha, usome mstari kwa mstari kama unavyohesabu chenji pale Sabasaba. Mstari usioweza kueleza umefikaje, utoe. Na usome faili lao la CONTRIBUTING, lenye masharti ya kuchangia. Miradi mingine inataka mstari wa Signed-off-by (jina lako kama sahihi) kwenye ujumbe wa komiti, ukikosekana roboti inakukwamisha kabla mtu hajakuona.

Ila kazi yenyewe iko kwenye maelezo. Asiyejua ngeli ataona "dakika 1 iliyopita" na "miezi 2 iliyopita", atakwambia umesahau kutofautisha umoja na wingi. Mweleze kwamba dakika huenda iliyopita/zilizopita, mwezi huenda uliopita/iliyopita, kwa hiyo neno lilelile ni umoja huku na wingi kule. Mwekee na CLDR, hazina ya data za lugha ya Unicode. Kiswahili kimo, na maneno hayo yameandikwa hivyohivyo. Halafu ongeza majaribio: 1 na 2 kwa kila kipimo, kuanzia sekunde hadi mwaka. Akiyaona yanapita hahitaji kukuamini wewe.

binti_Kondoa
Kama uko Windows, angalia na miisho ya mistari. Windows hufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Mimi nilibadilisha neno moja, faili zima likatoka jekundu na kijani kama vile nimebadilisha kila mstari. Nilijiona mchawi.

mzee_Ihumwa
Samahani vijana, kwani wanalipa?

zabibu_na_kodi
Hawalipi, mzee wangu. Ila nimechoka kurekebisha kosa lilelile kila wanapotoa toleo.

zabibu_na_kodi (baada ya siku 11)
Wakuu, mrejesho. Nilianza upya kama fundi alivyosema. Faili la Kiswahili na faili la majaribio, mengine sikugusa. Siku sita kimya, nikajizuia kuwasumbua. Ya saba mhakiki akauliza swali lilelile la "iliyopita" kuwa sehemu mbili! Nikamwonyesha jedwali la CLDR, akajibu kwa kidole gumba. Akauliza tena sifuri inakwendaje. Nikamwambia ni wingi, "dakika 0 zilizopita", nikaongeza jaribio.

Jana saa tatu usiku wameiunganisha. Nikampigia shangazi hapohapo. Akafungua simu, akasoma, akaniambia bado inaandika vilevile. Kumbe kuunganishwa si kutoka: toleo jipya hawajalitoa. Ameniuliza ni lini, na mimi sina tarehe ya kumpa.