Asali, kahawa na pawabenki kwenye ukaguzi wa KIA

Wakuu, mtu anayetoka Moshi kupanda ndege KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), asali ya ml 250 na pawabenki ya mAh 20,000 aziweke begi gani?

— Asali ni kimiminika, mkuu. Kikomo cha mkononi ni ml 100, na kinachotazamwa ni ujazo wa chupa, hata kama imebaki kijiko kimoja. Iende begi kubwa, kifuniko kizungushiwe selotepu.

— Pawabenki ibaki mkononi. mAh 20,000 × volti 3.7 za betri ÷ 1,000 = Wh (wati-saa) 74; kikomo ni 100. Maandishi ya mAh au Wh juu yake yakifutika inazuiwa, maana pale hawana cha kupimia.

— Kahawa msiibananishe na chaja. Eksirei husoma msongamano. Rundo likiwa zito picha inakuwa giza, begi linafunguliwa. Mtungi wa gesi wa jiko la mlimani hauruhusiwi begi lolote!