Mjomba anauza ng'ombe amlipe "mtaalamu" wa mali za Mjerumani, naombeni ushauri

MjukuuWaManamba
Wakuu, habari za jioni. Sisi ni wa Korogwe, babu alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, na ukoo wote umezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge. Kilimani kuna nyumba ya meneja, haikaliwi miaka mingi, paa halipo na mkuyu umepasua ukuta wa sebule. Tangu utoto tunaambiwa Mjerumani alipokimbia 1916 alizika sanduku pale.

Sasa kaja mtu na kifaa kama bastola, mbele kina antena. Alisimama barazani, antena ikageuka "yenyewe" kuelekea mwembeni. Anasema dhahabu iko mita nne chini, anataka milioni mbili na nusu za kufungulia, na mbuzi mweusi juu yake. Mjomba keshapata mteja wa ng'ombe wawili.

Mimi nina rafiki katoka machimbo ya dhahabu Chunya na detekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Jumamosi tulipita nayo nusu saa: misumari kibao, vizibo vya soda, na sarafu moja ya kijani yenye taji upande mmoja na 1 HELLER upande wa pili, naona kama 1910. Nimeiloweka kwenye limau ing'ae. Mjomba nimwambieje? Na nikinunua detekta yangu, italipa?

HelaYaTundu
Mkuu, itoe kwenye limau SASA HIVI. Ukijani ule ndio ngozi yake, wakusanyaji wanaupenda. Ukiikwangua kwa ndimu, siki au msasa umebaki na kipande cha shaba tu. Suuza kwa maji safi, iache ikauke, basi.

Hiyo ndiyo hela yenyewe! Mjerumani alianza na pesa na rupia 1890, halafu 1904 akagawa rupia moja kuwa heller 100, nasi neno tumelibeba mpaka leo. Ila usikimbilie kuota gari, hizo za heller moja zilipigwa kwa mamilioni. Rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaiser, mfalme wao, amevaa kofia ya chuma, hiyo sawa, ina uzito kama gramu 11 na nusu. Inayowatoa watu roho ni rupia 15 ya dhahabu: ilipigwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ina tembo. Zilitoka kama 16,000 tu. Ukiletewa kijiweni, anza kwa kuamini ni feki.

Kobe77
Msimkatishe tamaa kijana. Babu yangu aliona kwa macho yake masanduku yakishushwa usiku, na waliochimba shimo hawakurudi. Mali ipo.

MzeeWaChunya
Kobe, waliochimba hawakurudi, babu yako akarudi kusimulia? Haya.

Kijana, nimebeba detekta miaka saba. Mashine ya kawaida inaona sarafu sentimita 15 mpaka 25, udongo ukiwa mwekundu wenye chuma inapungua zaidi. Sanduku kubwa la chuma labda mita moja na ushee kwa mashine kubwa. Mita nne, tena ikutajie kuwa ni dhahabu? Hakuna. Ile antena imekaa kwenye bawaba, mkono ukiinama kidogo inazunguka. Kuna Mwingereza, James McCormick, aliuza vifaa vya namna hiyo Iraq kama vitambua mabomu. Asili yake kilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu. Alifungwa miaka 10 mwaka 2013, na watu walishakufa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kukiamini.

Mjomba usibishane naye. Mwambie tu mgeni afanye jaribio: chimbeni vishimo kumi, kwenye kimoja fukieni pete ya shangazi bila yeye kuona. Anayeona dhahabu mita nne chini, pete iliyofukiwa kiganja kimoja tu itamshinda?

Kuhusu kutafuta, mnahangaika pabaya. Meneja alikuwa na kasha la chuma na benki. Aliyeficha hela ardhini ni manamba, aliyekamilisha kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku 30, akalipwa sarafu, na hana pa kuziweka ila chini ya kitanda au jikoni karibu na mafiga. Wengine walikufa, wengine walirudi kwao ghafla. Pita kambi za zamani, kizingitini, njia ya kwenda kisimani, lilipokuwa duka la Mhindi, chini ya miti walikokaa wakicheza bao. Huo mwembe pia, ila kina cha kiganja.

Faida? Mafuta ya bodaboda labda. Mimi sarafu natafuta kwa raha, riziki iko kwenye dhahabu ya mawe.

BintiPangani
Jamani, kuna aliyeuliza shamba ni la nani? Gofu la nyumba si mali isiyo na mwenyewe, lina hati mahali fulani. Andika barua kwa mwenye shamba, mpe nakala mwenyekiti wa kijiji, na mgawane kwa maandishi KABLA ya kupata kitu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kukitafuta bila kibali ni kosa. Heller yako imezaliwa baadaye, ila usijichanganye ukaenda na detekta Tongoni kwenye makaburi ya kale. Hazina za kweli zipo pwani: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 waakiolojia walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na chache za dhahabu. Thamani yake ilikuwa kujua zilikaaje pale na zilitajaje watawala. Angetangulia mtu na jembe, zingeishia kwa sonara.

Na mkikuta kitu kama chupa ya chuma, mviringo, kizito, msikiguse, huenda ni kombora la vita. Tanga walipigana Novemba 1914, na vita vilipita huko kwenu pia.

MjukuuWaManamba
Mrejesho wakuu. Jaribio tumefanya jana. Alizunguka robo saa, akachagua shimo la nne, pete ilikuwa la tisa. Akasema dhahabu iliyovaliwa na mwanamke haivuti, akapanda boda akaondoka. Mbuzi amepona.

Mjomba hajasema neno tangu jana. Leo asubuhi nimemkuta kambini, penye chumba cha babu, amepiga magoti anagonga sakafu kwa mpini wa jembe. Ananiuliza ile detekta ya Chunya inarudi lini.

Kobe77
Mwambie aanzie kwenye mafiga.